Mlinzi wa Mlango wa Ndugu wa Nanga

Siku hizi mtu akifa hapa Etsiwakrom, kijijini kwetu, jambo la kwanza wanaloulizana watoto wake ni nani atapiga muziki. La pili ni rangi ya sare. Marehemu mwenyewe anakumbukwa baadaye, hospitali inapopiga simu kuuliza ataondolewa lini kwenye friji. Kwa hiyo sikushangaa kwamba Ebo Tawia alipokufa hakuna aliyejisumbua kusimulia maisha yake. Waligawa kijitabu cha rangi chenye picha zake, na ndani yake maisha yote ya mtu yule yalikuwa haya: alizaliwa, alikuwa fundi cherehani, alimpenda Mungu, alipenda watu.

Hilo la mwisho lilinikera. Tawia hakupenda watu. Tawia alipenda mlango.

Mlango wenyewe ulikuwa wa mvule, mzito, wenye komeo la chuma, na ulikuwa wa ukumbi wa Ndugu wa Nanga, ule uliopo juu kidogo ya barabara ya pwani. Juu ya mlango palining'inia taa, na juu ya taa palichorwa nanga ya bluu. Vijana wa leo wanadhani jengo lile lilizaliwa kuwa ukumbi wa harusi. Hawajui lilijengwa na nani, na ukiwaambia wanatazama simu.

Lilijengwa na makarani. Enzi hizo kakao ya bara ilishuka hapa kwetu, ikapakiwa kwenye mitumbwi na kupigwa makasia kuvuka mawimbi hadi melini. Palikuwa na maghala, na kwenye maghala palikuwa na makarani weusi, na juu ya makarani walikuwa Wazungu wenye chama chao cha siri mjini, chenye aproni na glovu nyeupe. Makarani wetu walipoomba kuingia waliambiwa wasubiri. Walisubiri mpaka wakachoka, ndipo wakaanzisha chama chao wenyewe, na kwa hasira wakakifanya kigumu kuliko cha Wazungu.

Wakajiita Ndugu wa Nanga. Mkubwa wao aliitwa Mtukufu Nahodha. Chini yake palikuwa na Mshika Usukani na Mwangalizi wa Upepo. Kijiji kizima cha wavuvi kilicheka, maana katika mabwana wale hapakuwa na hata mmoja aliyeweza kupiga kasia, na Nahodha wa kwanza alikuwa akitapika akiutazama tu mtumbwi. Walivaa makoti meusi ya sufu yenye mikia, yaliyobuniwa kwa ajili ya nchi zenye theluji, na katika jua letu waliandamana nayo kutoka ukumbini hadi kanisani huku jasho likiwachuruzika mikononi kama watu waliotoka kubatizwa wakiwa wamevaa. Akina mama waliwaziba watoto macho. Ilisemwa humo ndani kuna mifupa ya mtu, na kuna mbuzi ambaye kila mwanachama mpya humpanda uchi. Mabwana wale hawakukanusha. Nadhani uvumi wa mbuzi uliwapendeza.

Ardhi waliipata kwa ukoo wa Essuman. Ardhi ya ukoo haiuzwi, basi mkuu wa ukoo wa wakati huo aliwaazima kwa kiapo, akamwaga pombe chini mbele ya wazee wa pande zote mbili. Sharti lilikuwa moja: kila mwaka, Siku ya Nanga, ndugu wakutane kwa ukamilifu wao na taa ya juu ya mlango iwashwe kabla giza halijaingia. Mwaka ambao taa haikuwashwa, ardhi inarudi kwa ukoo pamoja na chochote kilichosimama juu yake. Ukamilifu ulimaanisha ndugu saba ndani na mlinzi mmoja nje. Wakati huo ndugu walikuwa wengi mpaka wengine wakikaa madirishani. Nani angeogopa sharti kama hilo?

Nimewacheka, na nitawacheka tena. Lakini kuna jambo moja walilolifanya ambalo sijaona kanisa wala serikali ikilifanya tangu wao. Sisi Wafante wa pwani ya Ghana, mwanamume akifa, mali yake ni ya ukoo wa mama yake. Wajomba na wapwa huja, na mjane anaweza kujikuta barabarani na watoto na sufuria moja. Ndugu wa Nanga waliapa kwamba mjane wa ndugu yao hataguswa mpaka msiba uishe na vyake vitengwe na vya marehemu. Nao hawakuapa kwa mdomo tu.

Baba yake Tawia alikuwa karani wa ghala na ndugu wa chama. Alipofariki, mjomba wa marehemu alifika na gari kubwa na wapwa wenye mabega kuchukua kitanda, viti, na cherehani ya mjane. Mjomba huyo alikuwa tajiri, tena naye alikuwa Ndugu wa Nanga, mwenye cheo. Akakuta mlinzi wa mlango wa chama amesimama kwenye kizingiti cha mjane, na upanga mkononi, katika koti la sufu, ananuka jasho.

"Nipishe, ndugu yangu," mjomba akasema. "Mimi ni wa ndani."

"Ndani ya ukumbi ndiyo," mlinzi akamjibu. "Hapa wewe ni wa nje. Ondoa gari, unazuia watu njia."

Mjomba alitukana, akalia, akaahidi ng'ombe. Mlinzi hakusogea. Cherehani ilibaki, na mtoto aliyekuwa amejibanza nyuma ya sketi ya mama yake akakua akishonea hiyo hiyo. Watu wanaouliza kwa nini Tawia alikuwa vile alivyokuwa, waanzie hapo.

Alikua fundi mzuri. Ndugu wa Nanga walimpelekea makoti yao kutia viraka, na aproni zao kubadilisha kamba, lakini alipoomba kuingia chamani walikohoa. "Fundi anatushonea," alisema mmoja wao mbele yangu, "sasa tukikaa naye meza moja, nani atatupima viuno?" Makarani waliokataliwa na Wazungu walikuwa wamejifunza kukataa, na walilijua somo lao kuliko walimu.

Kilichomwingiza Tawia ni upungufu. Watoto wa makarani walikwenda Accra na London, hawakurudi. Kisha wakaja wachungaji wa vipaza sauti, wakasema chama kile ni cha shetani, na ndugu wenye wake waoga wakarudisha aproni. Siku moja wakajikuta hawana mtu wa kusimama nje. Ndipo ikaonekana kwamba hata fundi cherehani ana roho.

Nahodha wa siku hizo alikuwa Mwalimu Hayfron, mkuu wa shule, mtu mwenye fimbo na sarufi. Alimkabidhi Tawia upanga hadharani, mlangoni, kwa sababu mlinzi huapishiwa nje.

"Ndugu Mlinzi, akija mtu asiye na neno?"

"Haingii, Mtukufu."

"Akiwa mfalme?"

"Haingii."

"Nikiwa mimi?"

Tawia akasita. Hayfron akagonga fimbo chini. "Nikija mimi bila neno, mlango huu ni ukuta! Umesikia?"

"Nimesikia, Mtukufu."

Alisikia kupita kiasi. Tangu siku hiyo ndugu aliyekula naye mchana kwenye sahani moja alilazimika jioni kuinama na kumnong'oneza neno sikioni, neno la siri lililobadilishwa kila mwaka. Asipolitaja, alirudi kwake akakae na mkewe. Wakimwita Mlango badala ya Tawia, aliitika. Na hapa ndipo watu wa mjini hucheka: katika maisha yake yote ya undugu, Tawia hakuwahi kuwa ndani wakati mlango umefungwa. Alifagia ukumbi, alipanga viti, aliwasha mishumaa, kisha akatoka nje, na nyuma yake komeo likaanguka. Aliwasikia wakiimba. Hakujua walichokuwa wakikifanya zaidi ya ninavyojua mimi, na mimi nilikuwa upande wa pili wa barabara nakula kenki, madonge ya mahindi yaliyochachushwa, kwa dada yake.

Dada yake ni Araba, mpika kenki, na mdomo wake ni mkali kama pilipili anayoisaga. "Ebo," alikuwa akimwambia, "umeoa nyumba usiyolala ndani."

"Nitalala," Tawia akamjibu. "Siku moja."

Hakuwa anatania. Ndugu wa Nanga akifa, alilazwa ukumbini kabla ya mazishi. Ukoo ulibaki nje, wake walibaki nje, mchungaji alibaki nje. Mlango ulifungwa na ndugu wakamfanyia mwenzao yale wanayoyafanya. Halafu walimtoa wakambeba wenyewe, kwa mabega yao, hadi kaburini, bila ngoma, bila neno, na barabara yote ilisimama kimya. Nimeona wavuvi walevi wakivua kofia. Hicho ndicho Tawia alichokitaka. Hakuwa na mke wala mtoto. Alitaka mara moja tu awe ndani huku mtu mwingine amesimama nje kwa ajili yake, na baadaye avuke kijiji kwa heshima ile. Kila tulipozungumza habari za kufa, na wazee hatuna mazungumzo mengine, alirudi hapo hapo.

Sasa nimlete Essuman, kwa sababu kila hadithi ya siku hizi ina mtu wa kukodisha viti. Ukuu wa ukoo, pamoja na heshima ya kuitwa Nana, ulimwangukia yeye, mtu anayekodisha maturubai, viti vya plastiki, spika, na vijana wa kubeba jeneza wakicheza. Kila Jumamosi mtu wa kijiji hiki huzikwa chini ya turubai la Essuman, na kila Jumatatu Essuman anakuwa mnene zaidi. Aliutazama ukumbi kama paka anavyomtazama samaki aliyewekwa juu ya kabati. Alikuwa akisimama kwenye kibanda cha Tawia akajipimisha suruali asiyohitaji.

"Mlango, mmebaki wangapi sasa?"

"Tunatosha, Nana."

"Mzee Biney sukari imemkata mguu, nasikia."

"Kiti cha Mwangalizi wa Upepo hakihitaji miguu."

"Na Mwalimu Hayfron? Juzi alimwita mwanangu Bwana Mkaguzi, akamwomba radhi kwa choo cha shule."

"Simama wima, Nana, nipime kiuno. Vuta pumzi." Essuman akavuta. "Bado. Vuta zaidi. Nana, hii ni suruali au hema?"

Walikuwa wanatosha, lakini kwa kubana. Pamoja na Tawia walikuwa wamebaki ndugu wanane tu duniani: saba wa ndani, mmoja wa nje. Mmoja akipata mafua mabaya Siku ya Nanga, ukumbi umekwenda. Essuman alihesabu kama sisi, na mwaka huo alikuja mwenyewe kushuhudia. Alasiri alifika na wazee wa ukoo, akapanga viti vyake vya plastiki mbele ya banda la Araba, akaagiza kenki na samaki wa kukaanga, akaketi kama mtu aliyekuja kutazama mpira. Chupa ya pombe ya tambiko ilikuwa miguuni pake. Nami nilikuwepo, kwenye benchi langu la kawaida.

Ndugu walianza kufika katika magari ya watoto wao. Crentsil, aliyekuwa mfamasia na sasa ni Mshika Usukani, alishuka akijipepea kwa kofia. Biney alibebwa na kiti chake. Mwingine alitoka Takoradi na kikohozi ambacho tulikisikia kabla ya gari. Kila mmoja aliinama, au akainamiwa, akanong'ona sikioni mwa Tawia. Naye Tawia, katika koti la baba yake lililomzidi mikono, aliitikia kwa kichwa na kufungua. Sita wakaingia. Ndani wakaketi kusubiri, maana aliyekwisha kuingia hatoki mpaka kikao kifunguliwe na kufungwa.

Jua lilikuwa limeanza kulainika Hayfron alipoletwa na mwanawe Kwame, mtu wa benki, mwenye miwani ya jua. Mzee alikuwa amenyooka, amevaa vizuri kuliko wote, glovu zikiwa nyeupe kama maziwa. Alimwamkia Tawia kwa furaha kubwa.

"Neno, Mtukufu," Tawia akasema.

"Neno gani?"

"Neno la mlango."

"Mlango ni mzima, naona. Hongera."

Wazee wa Essuman wakacheka. Hayfron naye akacheka, kwa adabu. Tawia akasogeza sikio. Mzee akainama, na kwa kuwa siku hizo alikuwa kiziwi, mnong'ono wake ulisikika barabara nzima.

"Ekua!"

Ekua lilikuwa jina la mkewe, marehemu.

"Siyo hilo, Mtukufu."

"Kakao!"

"Siyo."

"Sarufi! Mizani! Mwambie Mkaguzi choo kinajengwa!"

Watoto walikuwa wamekwisha kujaa. "Sema kenki, babu! Sema pilipili!" Araba akawatupia mwiko. "Nyamazeni, mashetani nyie! Hamna babu kwenu?"

Mwana wa benki akavua miwani. "Mzee Tawia, tusipotezeane muda. Huyu ni baba yangu. Unamjua. Hiyo suti umeishona wewe."

"Suti naijua. Mishono ni yangu."

"Basi?"

"Suti haina neno."

Crentsil alikuwa ameshatoa uso kwenye kidirisha cha pembeni. "Ndugu Mlinzi! Mnong'oneze basi! Nani atajua?"

"Mimi nitajua. Nikimtia neno mimi, halafu akanirudishia, nitakuwa nimejifungulia mwenyewe. Hapo mlinzi wa nini? Fungeni mlango kwa kamba ya mbuzi, yatosha."

"Basi wewe ingia uwe wa saba, yeye asimame nje!"

Wazo hilo lilikuwa zuri kiasi kwamba Essuman aliacha kutafuna. Tawia alilifikiria. Namjua, alilifikiria kwa sababu lilikuwa ndilo alilolitamani maisha yake yote, kuwa ndani. Mkono wake ulilegea kwenye upanga. Kisha akamtazama Hayfron, ambaye alikuwa akiusifu mti wa papai wa jirani.

"Na mlinzi asiyejua neno," akasema polepole, "atamzuia nani? Kikao kisicho na mlinzi si kikao. Tutawasha taa ya uongo, na sisi tunajua."

"Tawia, tunapoteza jengo!"

"Naliona jengo. Nimesimama mbele yake."

Hapo ndipo Mtukufu Nahodha alipoelewa kwamba anazuiwa. Uso ulimgeuka. Kwa muda mfupi alirudi kuwa mkuu wa shule, na sauti yake ikarudi pia.

"Wewe! Wewe fundi cherehani! Mimi ndiye niliyekuokota! Bila mimi ungekuwa unashona chupi za watoto mpaka leo! Unanifungia mimi mlango? Mimi?"

"Ndiyo, Mtukufu." Tawia aliushika upanga kwa mikono miwili. "Uliniagiza mwenyewe."

"Sikukuagiza! Sikujui! Nani huyu? Kwame, nani huyu mtu ana kisu?"

Araba akavuka barabara huku akifuta mikono kwenye kanga. Hakupiga kelele, na hilo peke yake lilitutisha. "Ebo. Kaka yangu. Ukumbi huu ukienda, wewe utalazwa wapi? Nani atakubeba?"

"Nimelifikiria."

"Hukulifikiria. Mtie mzee neno sikioni. Mungu atafumba macho kidogo."

"Mungu akipenda afumbe," Tawia akasema. "Mimi niliwekwa hapa nisifumbe."

Araba akamtazama kama anavyomtazama mtu aliyetapika kwenye chakula chake. Akarudi kwenye moto. Kenki ya siku hiyo iliungua.

Giza likaja kama linavyokuja, bila kumwuliza mtu. Essuman akasimama, akapangusa makombo tumboni. "Wazee, mmeona kwa macho yenu." Akafungua chupa, akamwaga chini kwa mababu, na iliyobaki wakainywa wao. Tawia akageuka, akagonga mlango kwa mpini wa upanga, akafungua mbawa zote mbili, jambo ambalo hatukuwahi kuliona. "Ndugu zangu," akasema, "hatukutimia." Wakatoka mmoja mmoja, kofia mkononi. Mbuzi hakutoka. Mifupa haikutoka. Tuliona viti, meza yenye kitambaa cha bluu, na mishumaa niliyojua imenunuliwa dukani kwa Mama Aidoo. Umati ukaguna kwa kukatishwa tamaa, kisha ukaenda kula.

Kulipokucha Crentsil alikwenda kibandani kwa Tawia akamwambia ameua chama. Nilikuwepo nasubiri suruali yangu.

"Sikukiua. Kilikuwa kimekufa, mkataka nikiketishe kwenye kiti, nikivalishe kofia."

"Maneno hayo yatakuhifadhi wewe ukioza?"

"Hapana," Tawia akasema, akaendelea kukanyaga cherehani.

Swali la nani kati yao alikuwa sahihi nimelizunguka miaka na sijalimaliza. Kuna siku naona alikuwa mjinga wa mwisho, mtu aliyelinda mlango kwa uaminifu mpaka nyumba nzima ikachukuliwa. Kuna siku namtazama mchungaji wetu, na diwani, na Essuman, na kila mtu anayefunguliwa mlango kwa sababu tunamjua na suti yake tunaijua, na najikuta sina hamu ya kumcheka. Lakini anayetaka kumfanya mtakatifu naye akanyamaze. Ndugu sita wazee walirudi makwao siku ile bila mahali pa kufia kama walivyoahidiwa, na hakuna aliyewauliza kama wanakubali.

Essuman aliupaka ukumbi rangi ya waridi. Nanga ikafutwa. Mlango wa mvule aliuuza kwa hoteli ya watalii, ambao nasikia wanaufanya meza na kula kamba wa baharini juu yake. Ndani akatia viyoyozi, mapazia yanayong'aa, na spika zinazotikisa sahani zangu kabatini kila Jumamosi.

Tawia alipougua kifua, Essuman alikwenda kumwona, na mpiga picha nyuma yake, maana uchaguzi wa diwani ulikuwa karibu.

"Mzee, mimi sina kinyongo," alisema. "Mambo yakifika huko, utalala ukumbini. Bure kabisa. Na viyoyozi nawasha."

Nilimwona Araba akisogea karibu. Kwa mara ya kwanza mtu alikuwa akimrudishia kaka yake kile alichokitupa. Tawia alijiinua kwenye mto.

"Nana, asante. Mlangoni atasimama nani?"

"Haina haja ya mtu! Siku hizi ni kioo. Ukisogea tu, unajifungua wenyewe."

Tawia alicheka. Alicheka mpaka kikohozi kikamkamata, Araba akamshikia bakuli, na mpiga picha akashusha kamera. "Unajifungua wenyewe," alirudia, machozi yakimtoka. "Kwa yeyote?"

"Kwa yeyote, mzee. Hata mbuzi."

"Basi nilazeni kwa Araba. Kwa Araba kuna komeo."

Essuman aliondoka amenuna. Tawia alikufa mvua zilipoanza, na akalazwa kwa Araba, katika chumba chenye magunia ya mahindi. Ukoo wao haukukubali aibu ya msiba wa kimya, basi wakakodi kila kitu kwa Essuman: turubai, spika, mchungaji aliyehubiri dhidi ya vyama vya siri mbele ya jeneza la mwanachama, na wale vijana wenye suti nyeupe wa kubeba jeneza wakicheza. Ndugu wa Nanga walikuja wanne, wengine wamekufa au hawatoki kitandani. Hawakutimia, kwa hiyo hawakufanya lolote. Waliketi kwenye viti vya plastiki katika makoti yao ya sufu, wakapewa maji ya chupa kama wageni wengine. Hakuna aliyesimama kusema chochote juu ya marehemu. Nadhani hata kumkasirikia walikuwa wamechoka.

"Nani amekufa?" Hayfron aliuliza.

"Tawia," Crentsil akamjibu sikioni. "Mlinzi."

"Aa. Mtu mbishi sana yule."

"Sana, Mtukufu."

Vijana walilinyanyua jeneza, muziki ukalipuka, wakaanza kulichezesha: chini, juu, kulia, mmoja akapiga magoti. Kina mama wakarusha leso. Mzee Hayfron akasimama. Sijui alifikiri yuko wapi. Alitembea moja kwa moja mpaka kwenye jeneza, akamgonga kijana wa mbele begani kama anavyomgonga mwanafunzi, akaingiza bega lake chini. Crentsil akamfuata, akilaani kwa sauti. Kisha wale wawili wengine. Vijana walimtazama Essuman wafanyeje, lakini Araba alikuwa ameshaufikia waya wa spika, akauchomoa ukutani.

Wakambeba. Hawakwenda vizuri. Crentsil ni mfupi, jeneza likalala upande mmoja, na tulisikia Tawia akiteleza ndani. Hakuna aliyeimba. Mchungaji alifungua mdomo, akaona nyuso za watu, akaufunga. Muuza mihogo akashusha sinia. Bodaboda mmoja akazima pikipiki, na yule mtoto ni mhuni, namjua hata kwa babu yake.

Walifika naye hadi kona ya duka la Mama Aidoo. Pale magoti ya Hayfron yakakataa, wakamshusha juu ya meza ya vitunguu, wakabaki wameshika kingo zake wakihema. Makaburi yalikuwa bado mbali. Kisha Crentsil akawapungia mkono vijana wa suti nyeupe. Wakaja, wakalichukua. Nyuma yetu mtu akachomeka waya.

Mimi sikuendelea. Niliwasaidia wazee kukaa kwenye kibaraza cha duka, nikamwomba Mama Aidoo maji.